Bega la Jiji

Hofu ilimshika Mwinshehe Kondo katikati ya daraja, alipoona kwamba watu wote wanaokuja upande wake wameinua bega la kushoto. Si mmoja wala wawili. Wote. Mwanamke mwenye kikapu cha nyanya ameinua bega. Askari wa barabarani, filimbi mdomoni, ameinua bega. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni, ambaye hata shingo yake haijakaza, alikuwa amelazwa upande ili kibega chake cha kushoto kisimame juu, na kila baada ya hatua chache mama yake alipeleka mkono nyuma kumrekebisha. Walitembea upesi, shingo zimepinda, wakichungulia kwa pembe ya jicho mithili ya watu waliotoka kuiba na hawajaamua wakimbilie wapi. Na kila aliyempita alimwambia, bila kumtazama, maneno yale yale: "Niamini, mimi wa hapa."

Maneno hayo Mwinshehe aliyajua. Yalikuwa yake. Aliyatunga miaka ishirini na sita iliyopita, na tangu hapo alikuwa ameyasema jukwaani mara nyingi kuliko alivyosema jina lake. Kule milimani alikokuwa akizunguka na maigizo yake, alikuwa akifika kwenye neno "niamini" tu, kabla hajamaliza, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Hapa darajani hakuna aliyecheka. Waliyasema kama mtu anavyosema "samahani" anapotaka kupita. Akatazama saa ya mnara, kwa sababu mtu aliyeingiwa na woga hupenda kujua saa, akaona ni saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Alipoondoka Jijini, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, saa ile ilikuwa inasema saa nne kasoro dakika tano.

Tuelewane mapema: mtu huyu hakuwa mwoga. Alikwisha kusimama mbele ya walevi, mbele ya wakuu wa mikoa, mbele ya watu waliofiwa siku hiyo hiyo, akawachekesha wote. Lakini kuna hofu ya mtu anayekutana na adui, na kuna hofu ya mtu anayekuta kazi ya mikono yake inatembea barabarani bila yeye. Ya pili haina pa kukimbilia.

Na tuliseme jambo hili taratibu, maana yeye mwenyewe alilifikiri mbio mbio. Nchi ni kitu kikubwa. Hakuna anayeweza kuiweka yote kichwani, milima yake na mabonde yake, waliolala saa hii na walioamka. Jiji nalo ni vivyo hivyo. Lina watu sijui milioni ngapi, wanasonga ugali, wanazika, wanakoseana na kuombana radhi, lakini nani kule milimani ana nafasi ya kuwaweka wote hao moyoni? Ukimletea mtu mmoja tu, mwenye bega moja juu, jicho la pembeni, miguu ya mkimbizi na ulimi wa asali, atakushukuru. Atasema, kumbe ndivyo walivyo. Akishasema hivyo amepumzika, hatauliza tena. Mtu huyo mmoja ndiye Mwinshehe aliyewapelekea, na walimwita Kibega. Kibega anamuuzia mgeni viatu vya mgeni mwenyewe. Kibega anamwonyesha mgeni njia ya kwenda anakotoka. Mwaka wa kwanza kilikuwa kichekesho. Mwaka wa tatu redio ilikuwa inakitangaza kila Jumamosi. Mwaka wa tisa kitabu cha darasa la tatu kilichora mtu mwenye bega juu, chini yake kimeandikwa: Huyu ni mtu wa Jiji. Halafu wageni wa nchi za nje wakaanza kufika wakiwa na picha yake mkononi, wakiuliza yuko wapi. Na mgonjwa wa Jiji alipolazwa kule milimani akasema kifua kinambana, daktari alitabasamu kwanza, ndipo akamsikiliza. Wakati mwingine tabasamu lile lilichelewa kwisha.

Sasa, huyu Kibega alitoka wapi? Hapo ndipo penye kidonda, na Mwinshehe hakuwahi kumwambia mtu. Katika kikundi cha maigizo alichokulia kulikuwa na sharti moja lisilovunjwa. Ukichukua mwendo wa mtu aliye hai, huruhusiwi kupanda nao jukwaani mpaka umwendee mwenyewe na umwonyeshe uso kwa uso. Akicheka, amekupa. Asipocheka, umemrudishia hapo hapo na hutaugusa tena maisha yako yote. Jambo hilo waliliita kuomba mwendo. Wenzake waliomba mwendo kwa wauza kahawa, kwa makarani, hata kwa mahasimu wao. Mwinshehe mwendo wa Kibega aliuchukua kwa baba yake mzazi, na hakuuomba. Wiki hiyo kikundi kilikuwa kinaondoka kwenda milimani, akajiambia nikirudi nitamwonyesha. Hakurudi.

Leo alikuwa amerudi kwa sababu aliitwa. Barua ya Idara ya Sura ya Taifa ilimwalika awe mgeni wa heshima katika siku ya mwisho ya ukaguzi wa wakazi. Alidhani ni tamasha.

Ukumbi wa Idara zamani ulikuwa soko la samaki. Sakafu bado ilikuwa na vile vijifereji vya kupitishia maji, na harufu ilikuwa imebaki kwenye kuta. Upande mmoja mabenchi yalipangwa ngazi kwa ngazi, yakiwa yamejaa watu wa kutoka sehemu zote za Nchi, na masweta yao na vikapu vyao vya chakula. Upande wa pili, mlangoni, wakazi wa Jiji walisimama foleni. Katikati palikuwa patupu. Mpokezi wake alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mpole kupita kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliitwa Bi Zamoyoni na ndiye aliyekuwa mkuu wa ukaguzi. Alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akamwekea glasi ya maji, akamweleza mambo kwa sauti ya mtu anayeeleza utaratibu wa harusi.

Alisema wageni walikuwa wakilalamika. Walikuwa wanafika Jijini na hawalioni. Wanakuta watu wanatembea kama watu wa popote, wanajibu wakiulizwa njia, wanarudisha chenji, basi wageni wanarudi makwao wamenuna, wakisema wameonyeshwa mji wa bandia. Aibu hiyo ilikuwa ya taifa zima. Ndipo Idara ikaamua kila mkazi apite mbele ya mabenchi atembee. Mabenchi yakicheka, mtu huyo ni wa Jiji kweli na anapewa cheti.

"Na yasipocheka?" Mwinshehe aliuliza. "Mnamfukuza?"

"Hatumfukuzi mtu, kaka Mwinshehe," Bi Zamoyoni alisema. "Sisi si watu wabaya. Huwa haonekani tu."

Hakuelewa, na hakuhitaji kungoja sana ili aelewe. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mwalimu wa hesabu, mwalimu Chiku, mama mnene wa miaka hamsini na kitu aliyevaa gauni la kitenge na viatu vya kufunga. Alipita katikati ya ukumbi jinsi alivyopita mbele ya madarasa maisha yake yote, mgongo umenyooka, mabega sawasawa. Mabenchi yalimtazama. Mtu mmoja akapiga miayo. Mwingine akafungua bakuli lake akala andazi. Mwalimu alipofika mwisho aligeuka, akajaribu kuinua bega, likagoma, akaliacha. Bi Zamoyoni akapiga mstari kwenye daftari.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililomtisha Mwinshehe, kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna askari aliyekuja. Mfagiaji alipita na ufagio wake akafagia juu ya viatu vya mwalimu. Mwanamume mmoja aliyetafuta pa kukaa akamkalia mwalimu miguuni, pale alipokuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, naye mwalimu akajitoa kwa shida. Mwalimu Chiku akasema, "Jamani, nipo," na watu wawili wakageuza vichwa jinsi mtu anavyogeuka anaposikia bomba linavuja, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Mwinshehe alikaza macho ili asimpoteze. Gauni aliliona. Viatu aliviona. Uso ukaanza kumtoka, na alipojaribu kuukumbuka akapata uso wa shangazi yake, halafu uso wa mwanamke wa kwenye kopo la maziwa, halafu hata huo haukuja.

Si mimi. Mimi nilitaka wacheke, Mwinshehe alijiambia. Kucheka kuna ubaya gani? Mtu aliyecheka hachinji. Nani alisema waandike vitabu? Nani alisema waweke mabenchi? Si mimi. Nilichukua bega moja tu. Mji una mabega mangapi, nami nikachukua moja. Mji ni wa wanaoishi ndani yake, hilo kila mtu analijua. Au ni wa wanaoucheka kutoka mbali? Kama mtu hachekwi, yupo? Nilikuwepo mimi kabla hawajanicheka? Kunywa maji. Wanakuona. Kunywa.

"Nambari mia nne na kumi na mbili," Bi Zamoyoni aliita.

Akaingia baba yake.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ile ile aliyokuwa nayo asubuhi ambayo mwanawe aliondoka. Mwinshehe alikuwa na arobaini na saba. Tutaendelea kumwita Mzee Kondo kwa heshima, ingawa mvi zilikuwa kwa mtoto na nywele nyeusi kwa baba. Mtu anayechekwa hazeeki, kwa kuwa wanaomcheka hawana haja na siku yake ya kesho. Wanamtaka vile alivyokuwa siku ya kwanza, na yeye hubaki hapo, akiamka kila asubuhi saa nne kasoro dakika tano. Jiji zima lilikuwa limebaki hapo. Mwinshehe alilielewa hilo mara moja, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni.

Mzee Kondo alikuwa mbeba barafu. Tangu ujanani alikuwa akichukua matofali ya barafu kiwandani, anayafunga kwa gunia, anayaweka bega la kushoto na kuyaleta hapa hapa kwenye soko la samaki, safari ishirini kwa siku. Bega liliungua kwa baridi likakakamaa juu, halikushuka tena hata akilala. Shingo ilipinda kwa sababu barafu ilimziba upande mmoja, ikambidi achungulie kwa pembe ya jicho asije akagonga watoto. Na alitembea mbio kwa sababu barafu haimsubiri mtu. Bega, jicho na miguu. Vitu vitatu ambavyo Nchi nzima ilivijua kuwa ni vya mwizi.

Alipita katikati ya ukumbi kwa mwendo wake. Haukuwa wa kuigiza, ndiyo maana ulikuwa mzito kuutazama. Mabenchi yakanyamaza. Mama mmoja mwenye sweta jekundu alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba huyu anajaribu kumwiga Kibega lakini hana kipaji. Bi Zamoyoni alivua miwani, akasikitika kwa dhati.

"Bega lipo," alisema, "lakini halina utani. Linaonekana kama linauma." Akashika kalamu.

Mwinshehe akasimama. Hakujua kwamba angesimama. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya kusema, ilikuwa ya kuona kalamu ile inagusa karatasi. Aliwaambia watu wa mabenchi kwamba huyu si mwigaji. Kwamba Kibega alitoka kwa mtu huyu, kila kitu chake, na kwamba bega lile liliinuliwa na barafu na si ujanja. Aliwaambia huyu ni baba yake mzazi. Akaona nyuso zinaanza kulainika, akatiwa moyo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Niamini," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mapaja, walishikana mabega, mama mwenye sweta jekundu alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Walikumbushana ile sehemu maarufu ambapo Kibega anadai kila mzee anayepita getini ni baba yake ili aingie bure naye. Wakampigia makofi. Mwinshehe alibaki mikono imenyooshwa, akijua kwamba neno hilo alikwisha kuliharibu yeye mwenyewe, kwa watu wote wa Jiji, na kwamba lilikuwa neno pekee alilolihitaji.

Bi Zamoyoni alikuwa amechangamka kama msichana. Alisema ndiyo maana walimwalika, na kwa heshima ya mgeni Idara itampa nambari mia nne na kumi na mbili nafasi ya pili, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Robo saa. Mwalimu bora kuliko wote yupo hapa, basi amfundishe.

Wakapelekwa uani, mahali ambapo zamani barafu iliteremshwa. Mwinshehe akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umezeeka, Mwinshehe."

Walikaa kwenye kizingiti. Mzee Kondo alikuwa mtu wa maneno machache, na sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea akiwa na mzigo. Alimweleza mwanawe kwamba mama yake hainuki kitandani tangu apate kiharusi. Yeye ndiye anayemgeuza, anayemlisha, anayempeleka msalani. Wakaguzi walikuja nyumbani wakamsamehe mama kwa sababu hawezi kutembea, lakini yeye hawakumsamehe. Alisema amefikiri sana kuhusu jambo hili la kutoonekana. Kama mama hatamwona anapomletea maji, ataogopa bure akiona kikombe kinakuja chenyewe. Alilisema hilo bila kulia, kama mtu anayepanga safari.

Kisha Mzee Kondo alisema jambo ambalo lilimkata maini mwanawe kuliko yote. Alisema siku zote hizi amekuwa akiwaona watu barabarani wanatembea mabega juu, akadhani wote wamepata kazi ya barafu. Aliwahurumia. Alikuwa akiwapisha njia, akijua wamelemewa, na jioni akimuuliza mkewe barafu yote hiyo inapelekwa wapi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, baba."

"Basi nionyeshe."

Hivi ndivyo Mwinshehe alivyoomba mwendo, miaka ishirini na sita baada ya kuuchukua, kwenye ua wenye harufu ya samaki wa zamani, huku karani akichungulia mlangoni kuhesabu dakika. Aliinua bega. Akapinda shingo. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa miguu ile ya kuibia, vidole vikicheza hewani kutafuta mfuko wa mtu, akageuza jicho, akasema maneno yake kwa kile kisauti chembamba cha kubembeleza ambacho ndicho kitu pekee cha Kibega alichokibuni mwenyewe. Alifanya vizuri. Mwili ulifanya wenyewe, hata ukijua unatazamwa na nani. Alipomaliza alimtazama baba yake usoni.

Mzee Kondo hakucheka.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Baba akamtazama kwa makini ya fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi wake, akauliza kwa nini vidole vinacheza, akaambiwa watu hucheka. Akauliza kwa nini jicho linageuka namna ile, akaambiwa watu hucheka.

"Kuna mtu yeyote huko aliyewahi kukuuliza nimebeba nini?"

"Hapana."

"Na wewe hukuwaambia."

"Ningewaambia," Mwinshehe alisema, "wasingecheka."

Mzee Kondo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu ngumu akaona inavyotoka. Halafu akasimama, akajikung'uta suruali, akasema haya, nifundishe, muda unakwisha na mama yako yuko peke yake.

Ikabidi amfundishe. Msomaji, mimi nimesikia mambo mengi ya kusikitisha, lakini hili la mtoto kumfundisha baba yake jinsi ya kujidhihaki sijui nalo niliweke wapi. Alimshika bega. Lilikuwa gumu na baridi, baridi kabisa, ingawa jua lilikuwa kali. Akamwambia alipandishe zaidi ya pale linapouma, hadi pale linapochekesha. Akamwambia aache kutazama watoto wasigongwe, atazame mifuko. Akamwambia asitembee kama mtu anayewahi, atembee kama mtu anayefukuzwa. Akamfundisha kisauti. Kila alichomfundisha Mzee Kondo alikishika mara moja, bila kuuliza, na hapo Mwinshehe akaanza kuogopa upya, hofu ya namna nyingine, kwa sababu kila kilichoingia kilikuwa kinatoa kitu. Jicho la baba lilipotea, likaja jicho la Kibega. Mikono ya baba ilipotea. Alitaka kusema basi, inatosha, ile ya kwanza ilikuwa sahihi, tukimbie twende kwa mama. Lakini walikuwa na uwezo gani wa kukimbia, na mji mzima umejaa watu wanaochungulia kwa pembe ya jicho?

Karani akagonga mlango.

Mara ya pili Mzee Kondo alipoingia, mabenchi yalianza kucheka kabla hajafika katikati. Alikuwa bora kuliko Mwinshehe. Lazima tuseme kweli, alikuwa bora mara kumi. Bega lilipanda likashuka likapanda, jicho lilizunguka vikapu vyote vya wageni kimoja kimoja, vidole viliogelea. Alimkaribia mama mwenye sweta jekundu, akamwambia kwa kisauti kile chembamba, "Niamini, mimi wa hapa," na mama yule nusura aanguke kutoka benchini. Wengine walimwomba aache, wanaumwa tumbo. Mfagiaji alitupa ufagio akacheka. Mwinshehe aliketi kwenye kiti chake cha heshima, amebana magoti kwa mikono, akitafuta mahali popote mwilini mwa mtu yule pa kumtambua baba yake, na hakupaona.

Bi Zamoyoni alipata shida kunyamazisha ukumbi. Akatangaza kwamba nambari mia nne na kumi na mbili ni mkazi halali wa Jiji, tena mfano wa kuigwa, na kwamba picha yake itapelekwa Idarani. Akamwita mezani kujaza cheti. Ilibaki kazi ya kawaida ya karatasi, maswali matatu manne, lakini mabenchi hayakutaka kumwachia aende, yakawa yanasikiliza kila jibu.

Akamuuliza kazi yake.

"Kazi?" alisema kwa kisauti cha Kibega. "Kazi ni kumsaidia mgeni asilemewe na mzigo wake." Wakacheka.

Akamuuliza kama ana mke.

"Ninaye, yupo nyumbani ananisubiri. Ukipita msalimie, lakini shika mkoba." Wakacheka tena, na Bi Zamoyoni naye akacheka huku akiandika.

"Watoto?"

Mzee Kondo aliacha kuchezesha vidole. Aligeuka, akamtazama Mwinshehe aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa, akamtazama waziwazi, si kwa pembe ya jicho. Mwinshehe alijiinua nusu. Alitaka kusema nipo.

"Sina," alisema baba yake.

Hakulisema kwa kisauti cha Kibega. Alilisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya chini, na katika ukumbi mzima hakuna aliyeijua isipokuwa mtu mmoja. Mabenchi yakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile, wakasimama, wakapiga makofi. Bi Zamoyoni akafuta machozi, akaandika neno hilo kama alivyolisikia, akagonga muhuri.